Kiti cha mti mbichi: jinsi mafundi wa Appalachia wanavyounga kiti bila gundi wala msumari

Kiti cha mgongo wa ngazi cha milima ya Appalachia kina miguu 4, vipago 11 (vijiti vya kuunganisha miguu), papi 2 za mgongo na kikalio cha gome la mti. Hakina msumari hata mmoja, na gundi si lazima. Kinachokishika ni tofauti ya unyevu. Miguu huungwa ikiwa bado na maji kidogo ndani yake, na vipago vikiwa vimekaushwa hadi mwisho. Kiti kikishasimama, mguu huendelea kukauka na tundu lake kujikaza. Kipago nacho hunyonya unyevu wa hewa kikavimba humo humo ndani. Ukiilinda tofauti hiyo unaweza kukosea vipimo kadhaa na kiti bado kikakaa vizazi viwili. Ukiipuuza, kiti kitaanza kulia kabla ya mwaka kwisha, na hakuna gundi itakayokinyamazisha kwa muda mrefu.

Ufundi huu una mizizi mashariki mwa Kentucky, Tennessee, magharibi mwa North Carolina na majimbo jirani ya milimani. Hauhitaji mashine ya kukerezea. Chester Cornett (1913–1981), fundi wa viti wa Kentucky anayetajwa sana, alijulikana kwa miguu ya pande nane iliyochongwa kwa mkono. Mtu anayetaka kuona kazi kwa macho anaweza kufika Brasstown, North Carolina, ambako shule ya John C. Campbell Folk School imekuwa ikifundisha kazi za mikono tangu 1925, au Berea, Kentucky, mji wa mafundi wa kazi za mikono. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili waishio Lexington, hasa waliotoka Kongo, wana bahati: Berea iko chini ya saa moja kwa gari.

Gogo

Mwaloni mwekundu ndio wa kuanzia. Unapasuka vizuri, unapatikana kila mahali milimani, na ukiwa mbichi unachongeka kwa urahisi. Hikori (hickory) ina nguvu kuushinda na inafaa sana kwa vipago, ila ichongwe mapema, maana ikikauka inakuwa kama mfupa. Eshi (ash) ilikuwa kipenzi cha mafundi wengi. Mdudu wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua eshi nyingi mno, na mti uliokufa ukiwa umesimama haufai: nyuzi zake zinakatika badala ya kupasuka.

Tafuta gogo la kipenyo cha sm 25 hadi 40 na urefu wa mita 1.1, lisilo na vifundo. Soma gome kwanza. Mistari ya gome ikipanda wima, nyuzi za ndani zimenyooka. Ikizunguka shina, mguu wako utapinda kama bawa la feni. Kisha tazama uso uliokatwa. Kiini kiwe karibu na katikati. Kwa mwaloni, eshi na hikori, pete za mwaka zenye unene wa mm 2 hadi 4 ndizo nzuri. Wengi hudhani pete nyembamba ni dalili ya mbao ngumu, lakini kwa miti hii mambo ni kinyume. Kila mwaka mti hutanguliza tabaka la vitundu vitupu, na pete zikiwa nyembamba sana unabaki na vitundu hivyo tu bila mbao nzito ya kuvishika.

Gogo likae kivulini, ncha zake zikipakwa rangi nzito au nta ili zisipasuke. Majira ya baridi linakaa miezi. Wakati wa joto litumie ndani ya wiki chache kabla ukungu haujaingia.

Neno kwa anayesoma akiwa Afrika Mashariki: njia hii inadai mti unaopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Mvule, pamoja na sifa zake zote, una nyuzi zinazopishana na hautakubali. Pasua kipande cha jaribio chenye urefu wa nusu mita kabla ya kununua gogo zima.

Vifaa

Kabari 3 za chuma, nyundo nzito na shoka. Panga la kupasulia, ambalo ni bapa butu la sm 25 hadi 30 lenye mpini unaosimama wima kutoka ncha moja. Hupigwa kwa rungu kisha hutumika kama wenzo. Kisu cha kuvuta chenye mikono miwili. Randa ndogo ya mikono miwili ya kulainishia mviringo. Benchi la kubania kwa mguu: unakalia upande mmoja, unasukuma kanyagio, kichwa cha mti kinashuka kubana kipande mbele yako, nawe unavuta kisu kuelekea kifuani. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo mguu unavyobana zaidi, na ukitaka kugeuza kipande unalegeza tu. Jiliwa inaweza kuchukua nafasi yake, ila utachoka kufungua na kufunga.

Ongeza keekee au drili yenye biti ya mm 16 (inchi 5/8), patasi ya mm 6, kipima pembe, kalipa, nyundo ya mti na mizani ya jikoni. Mizani hiyo si mzaha, utaona kazi yake.

Orodha ya vipande, kwa vipimo vya mwisho:

- Miguu ya nyuma 2: sm 87, kipenyo mm 35
- Miguu ya mbele 2: sm 46, kipenyo mm 35
- Vipago vya mbele 3: sm 43
- Vipago vya nyuma 2: sm 34
- Vipago vya ubavuni 6: sm 35
- Papi 2: sm 38 kabla ya kupunguzwa, upana sm 7, unene mm 6

Vipago vyote vina mm 18 katikati na ndimi (sehemu za nchani zinazoingia kwenye matundu ya miguu) za mm 16 zenye urefu wa mm 25 kila ncha; urefu uliotajwa unahesabu ndimi. Chonga vipago 2 vya akiba. Mara nyingi kimoja huonyesha ufa baada ya kukauka.

Kupasua

Piga kabari ya kwanza kwenye uso wa gogo, ukikatisha kiini. Ufa ukianza kushuka ubavuni, zifuatishe kabari nyingine ndani yake, na nyuzi zinazong'ang'ania uzikate kwa shoka. Nusu, kisha robo, kisha moja ya nane. Daima gawa sawa kwa sawa, kwa sababu ufa hukimbilia upande mwembamba. Ukitaka kutoa kipande cha theluthi moja kwenye bao, utapata kigingi.

Kuanzia hapo tumia panga la kupasulia. Ufa ukianza kutoroka, geuza kipande ili upande mnene uwe chini, ukibane kwenye panda ya mti, kisha ukandamize upande huo mnene upinde huku ukisukuma mpini. Ufa hurudi upande unaopindwa zaidi. Hii ndiyo siri nzima ya panga hilo, na mikono huijua baada ya vipande vichache.

Tupa kiini na sm 3 hivi zinazokizunguka. Vipande vya miguu vibaki na mm 45 kila upande. Vya vipago mm 25.

Kwa nini kupasua badala ya msumeno? Msumeno hukata nyuzi popote unapopita. Kipande kilichopasuliwa kina nyuzi zinazokwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha, ndiyo maana kipago cha mm 18 kinabeba mtu mzima.

Vipago kwanza

Vichongwe siku ile ile gogo linapopasuliwa, kwa kuwa vinahitaji muda mrefu wa kukauka. Kwa kisu cha kuvuta, pata mraba wa mm 21, ondoa pembe upate pande nane, acha hapo. Usivizungushe bado. Mbao ikikauka husinyaa zaidi kwa kufuata pete (mwaloni hupoteza karibu asilimia 8 hadi 10) kuliko kutoka kiini kwenda nje (asilimia 4 hadi 5), kwa hiyo duara la leo ni yai la mwezi ujao.

Vifunge mafungu, uviweke penye hewa kwa wiki 2 au 3. Kisha vihamishie mahali pa joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Wazee waliviweka nyuma ya jiko la kuni, wengine wakavifukia kwenye mchanga wa moto. Siku hizi sanduku la mbao lenye taa ya zamani ya kutoa joto linatosha, likiwa na matundu ya hewa na taa ikikaa mbali na mbao. Pima fungu zima kila siku na uandike. Uzito ukibaki ule ule siku 2 mfululizo, vipago viko tayari. Havitatoa maji zaidi, na unyevu wake utakuwa karibu asilimia 5 au 6.

Mtu huona vipago vikilia "kong" vikigonganishwa akaridhika. Mlio ni dalili nzuri, lakini mizani haidanganyi.

Miguu

Chonga hadi mm 38, mviringo au pande nane upendavyo, ukifuata nyuzi hata kama zina mpindo mdogo. Mguu uliopinda kwa asili una nguvu. Ulionyooshwa kwa kukata nyuzi zake una udhaifu mahali pale pale.

Miguu ya nyuma inapindwa kuanzia juu ya kikalio. Chemsha nusu ya juu ndani ya maji au mvuke kwa muda wa saa 1 na nusu, kisha uweke miguu yote 2 pamoja kwenye kalibu yenye mpindo wa sm 6 au 7 nchani. Njia ya kale haina hata kalibu: funga miguu 2 pamoja penye usawa wa kikalio na tena ncha za juu, halafu piga kabari ya mti katikati. Miguu yote inapinda sawasawa, na kwa kiti huo ulinganifu ndio wenye maana kuliko ukubwa wa mpindo. Iache humo siku 7 hadi 10. Upande wa nje ukichanika wakati wa kupinda, ama nyuzi zilikatwa na kisu, ama mti ulikuwa umekauka mno kabla ya kuchemshwa.

Ikitoka, ikae kivulini pamoja na ya mbele. Unataka unyevu wa asilimia 15 hadi 20, ambao kwa kawaida hufikiwa baada ya wiki 2 au 3. Bila kipimo, uweke mguu shavuni: mbao mbichi ni baridi, iliyo tayari haina baridi hiyo lakini bado ni nzito mkononi. Ukiunga mapema, tundu litasinyaa kupita kiasi likageuka yai na mguu unaweza kupasuka. Ukichelewa, hakuna kitakachobana. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya pwani haitaukausha mguu kwa kiasi kile cha nyumba ya milimani inayopashwa moto majira ya baridi, kwa hiyo huko mzigo wote unahamia kwa vipago: viwe vimekauka kabisa, na ndimi zikaze zaidi kidogo.

Chonga sasa hadi mm 35.

Papi

Zipasue nyembamba, uzichonge hadi mm 6, uzichemshe dakika 30, uzipinde kwenye kalibu yenye mpindo mkali kidogo kuliko unaoutaka. Hurudi kiasi zikitolewa. Siku 3 zinatosha.

Matundu

Andaa ufito mmoja wenye alama zote na uutumie kwa miguu yote. Kupima kila mguu kwa tepu ni kukaribisha kosa. Kutoka chini ya mguu, vitovu vya matundu ya vipago vya mbele viko sm 10, 24 na 41. Vya nyuma viko sm 24 na 41. Vya ubavuni viko mm 14 juu zaidi: sm 11.4, 25.4 na 42.4. Biti ina mm 16, hivyo tundu la ubavuni litaingia mm 2 ndani ya njia ya tundu la mbele. Hilo ni kusudi, na sababu inakuja.

Kwanza toboa ya mbele na ya nyuma tu. Kina ni mm 25, na weka utepe kwenye biti kama alama. Mguu una mm 35, kwa hiyo unabaki na mm 10 nyuma ya tundu. Biti yenye ncha ndefu ya kuelekeza itatokeza upande wa pili. Ipunguze kwa tupa. Mguu ubanwe usizunguke kati ya tundu moja na lingine. Matundu yasipokuwa kwenye mstari mmoja kiti kitajinyonga, na hutaona hadi kimekwisha.

Nafasi za papi zichimbwe sasa kwa patasi, upana mm 6, kina mm 15, ya juu ikianzia sm 4 chini ya ncha.

Ndimi

Toboa kipande cha mbao ngumu iliyokauka kwa biti ile ile. Hicho ndicho kipimo chako. Toa vipago kwenye joto, vizungushe hadi mm 18, kisha punguza ncha hadi ulimi uwe mnene kuliko tundu kwa mm 0.2 hadi 0.4. Usipite kwenye tundu la kipimo. Uanze tu kuingia na kuacha alama ya kung'aa. Ncha iwe na mteremko mdogo wa kuingilia.

Halafu panguza mbavu mbili za ulimi, zile zitakazotazama kushoto na kulia mguu ukiwa umesimama, ziwe bapa kiasi cha unene wa karatasi. Juu na chini zibaki zimejaa. Ulimi ukisukuma juu na chini unasukuma ncha za nyuzi za mguu, ambazo hazina pa kwenda. Ukisukuma ubavuni unazitenganisha nyuzi na kuupasua mguu. Kwa sababu hiyo hiyo geuza kila kipago ili mistari ya pete inayoonekana nchani isimame wima, sambamba na mguu. Uvimbe mkubwa unaofuata pete utakwenda juu na chini.

Vipago vilivyokamilika viingie mfuko wa plastiki uliofungwa. Siku ya mvua vinaanza kunyonya ndani ya saa chache.

Kuunga

Unga uso wa mbele kwanza: miguu 2, vipago 3. Tumia jiliwa kubwa, klempu, au nyundo ya mti juu ya gogo. Sikiliza. Ulimi unapogusa mwisho wa tundu mlio unabadilika, unakuwa mfupi na mzito, acha hapo. Tazama miguu kwa jicho moja kutoka ubavuni, uhakikishe mmoja umelala sawa juu ya mwenzake. Kama umejinyonga, unyonge upande wa pili kwa mikono sasa hivi, kabla ndimi hazijavimba. Kesho haitawezekana.

Fanya vivyo hivyo kwa nyuma.

Sasa toboa matundu ya ubavuni. Mbele ya kiti ni pana kuliko nyuma kwa sm 9, kwa hiyo pembe kati ya kipago cha mbele na cha ubavuni ni digrii 82 na nusu, na upande wa nyuma ni digrii 97 na nusu. Seti kipima pembe, ukisimamishe karibu na biti, umwite mtu akutazamie. Biti itakwangua kipande chembamba cha ulimi wa mbele uliokwisha kuingia. Kipago cha ubavuni kikipita hapo kinakaa ndani ya mkwanguo huo, na ulimi wa mbele hauwezi tena kutoka hata mguu ukilegea. Ni kufuli la mbao tupu.

Piga vipago 6 vya ubavuni kwenye uso wa nyuma, kisha vishushie uso wa mbele, ukipokezana juu na chini, kulia na kushoto, mm chache kwa kila zamu. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, ndimi zitaingia kwa mshazari na kumega midomo ya matundu. Mtu anayetaka tone la gundi aweke, ila asiitegemee kuziba ulimi uliolegea. Ulimi unaoingia kwa mkono ni wa kutupwa, ndiyo kazi ya vile viwili vya akiba.

Papi huingia mwisho. Punguza urefu hadi sm 32 na nyongeza ya mpindo, zikunje kidogo mikononi, ziachie ziruke ndani ya nafasi zake. Ya juu peke yake ifungwe kwa pini ya mti ya mm 5 kila upande. Ya chini iachwe huru ipumue.

Kikalio cha gome

Gome la ndani la hikori linashinda kamba yoyote ya dukani, na hukaa miaka mingi likizidi kung'aa. Linavunwa mwisho wa machipuko na mwanzo wa kiangazi, hasa Mei na Juni, utomvu ukiwa umepanda. Nje ya majira hayo haliachii. Chagua mti wa sm 15 hadi 25, uangushe, na ukwangue gome gumu la nje kwa kisu cha kuvuta hadi ubaki na tabaka la ndani. Kata mistari ya urefu kwa kisu, upana wa mm 18, kisha vuta. Mkanda mzuri hutoka mzima kwa urefu wote wa shina. Ukiwa mnene kupita mm 2 au 3, upasue tabaka mbili. Zungusha mikanda iwe mizingo, ikauke. Kiti hiki kinakula mita 28 hivi, andaa 32.

Loweka usiku kucha, au nusu saa kwenye maji ya moto. Zungusha kwanza mbele-nyuma, ukianza kwenye kipago cha nyuma, mizunguko 16 hivi, iliyokaza kiasi tu: gome husinyaa kwa upana na urefu likikauka, na kikalio kilichokazwa kama ngoma tangu mwanzo kinaweza kupinda vipago. Kisha suka kutoka ubavu hadi ubavu, juu 2 chini 2, kila mstari ukisogea hatua moja ili mchoro upande mshazari. Juu na chini ya kikalio vyote vinasukwa. Pembe tatu zinazobaki mbele kwa sababu ya ule upana wa ziada zijazwe kwa vipande vifupi vilivyofichwa ncha ndani. Ungia mikanda upande wa chini. Baada ya wiki kutakuwa na nafasi kati ya mistari. Isukume pamoja kwa kijiti na uongeze mstari mmoja au miwili.

Kumalizia

Weka kiti juu ya meza iliyonyooka. Miguu ya nyuma ikatwe mm 15 hadi 20 ili kikalio kilalie nyuma kidogo, kisha chora mstari kuzunguka miguu yote kwa kipande cha mbao kimoja na ukate juu ya mstari huo, yumbo litoke. Paka mafuta ya kitani mara 2, ukifuta ziada. Matambara yaliyotumika yatandaze nje yakauke au yaloweke majini. Yakikunjwa pamoja yanapata joto yenyewe na kuwaka moto.

Kipago kikilia miezi michache baadaye, usikimbilie gundi. Kisogeze uone kinacholegea. Kama ni ncha moja tu, mara nyingi ulimi ule ulipanguzwa kupita kiasi, na pini ya mm 5 kupitia mguu inatosha. Kama vyote vinacheza, vipago viliungwa vibichi. Hapo gonga kiti chote kiachane, upande wa mbele uvutwe kwanza, vikaushe upya vile vile vya zamani, na uone kwa tundu la kipimo ni vingapi vimebaki na unene wa kutosha na vingapi vya kuchongwa upya.